Papa Wawili Kwenye Daftari la Anwani

Vijana wangu mliorithi bisibisi zangu na maneno yangu makali,

Nasikia siku hizi mtu akiwapigia simu kwamba barua pepe zake hazifiki, jambo lenu la kwanza ni kuing'oa programu nzima na kuiweka upya. Sikatai, kuna siku itasaidia. Lakini mara nyingi mnabomoa jiko kwa sababu chai imekosa sukari. Mimi nimestaafu, nakaa Buyenzi, hapahapa Bujumbura, magoti yananisumbua, na bado watu wanabisha mlangoni kwangu na kompyuta kwapani wakisema, Mama Zena, vijana wameniwekea upya na shida imebaki palepale. Nimechoka kuwachungulia watu kompyuta zao huku sufuria yangu inaungua. Kwa hiyo nimekaa niwaandikie.

Nitazungumzia kitu kimoja tu, daftari la anwani. Mashine zitabadilika, mtanicheka na mashine zangu za zamani, na nyinyi mtachekwa na watoto wenu. Daftari la anwani halibadiliki sana kwa sababu ndani yake kuna majina ya watu, na shida ya majina ya watu haitoki kiwandani.

Nilianza kazi nikiwa mpiga chapa katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yenyewe ikiwa Rohero. Aliyenifundisha kompyuta ni Mzee Salvator, mtu wa Ruziba, aliyekuwa akija kazini na nyanya za shamba lake katika mfuko uleule wa nyaya. Ukifungua mfuko kutafuta waya wa printa unatoka na mkono mwekundu. Mzee Salvator alikuwa na tabia moja iliyonitia wazimu. Akiitwa kutengeneza, alikaa, akaweka mikono magotini, na kabla ya kugusa kibodi akamuuliza mwenye shida, "Unamwandikia nani? Na wewe unamwitaje?" Hakuuliza anwani. Aliuliza unamwitaje. Mimi niliyekuwa na haraka ya ujana niliona mzee anapoteza muda ili chai ije.

Siku niliyoanza kumwelewa ilikuwa ya mkurugenzi mmoja, mtu mzuri ila mwenye vidole vyenye haraka. Mnajua majina yetu ya Kirundi yalivyo. Mtoto halazimiki kurithi jina la baba, kila mmoja anapewa lake, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja hawafanani majina, na watu wasiojuana kabisa wote ni Niyonzima. Mkurugenzi alikuwa na Niyonzima wa uhasibu, mchelewaji wa kutupwa. Asubuhi moja akaandika "Niyo", programu ikamalizia jina, akabonyeza bila kutazama, na barua ikaenda. Ilisema hii ni mara ya mwisho, ukiendelea na tabia hii utatafuta pengine pa kwenda. Aliyeipata ni Niyonzima mwingine, mwenye nyumba aliyompangisha mkurugenzi kule Kigobe. Mwenye nyumba akajibu kwa upole sana, akiomba kufafanuliwa kati yao wawili ni nani atakayetafuta pengine pa kwenda.

Mkurugenzi akatuita tutengeneze daftari. Nikalifungua, nikakuta kila Niyonzima yuko mahali pake na anwani yake sahihi. Nikasema hakuna kosa. Mzee Salvator akacheka puani. Akanionyesha kwamba programu ina kumbukumbu mbili. Moja ni daftari, unaloliandika wewe mwenyewe. Nyingine ni ile inayookota yenyewe kila anwani uliyowahi kuiandikia, ndiyo inayokurukia na kukumalizia jina unapoanza kuandika. Unaweza kusahihisha daftari mpaka likang'aa, na ile ya pili ikaendelea kukudanganya bila haya. Dawa yake ni kuandika herufi za mwanzo, kusubiri mapendekezo yashuke, kwenda na mshale mpaka kwenye lile baya na kulifuta hapohapo. Programu nyingine zina kialama cha msalaba pembeni, nyingine zinataka ubonyeze kitufe cha kufuta. Ni kazi ya kupepesa jicho, lakini lazima ujue ziko mbili.

Kisha akamwambia mkurugenzi abadilishe majina ya kadi zake. Asiandike Niyonzima na jina la Kikristo kama kwenye kitambulisho, aandike kama anavyowatofautisha kichwani mwake: Niyonzima Uhasibu, Niyonzima Nyumba. Na mimi nawaambia hivyohivyo. Ukimjua mtu kama fundi wa matairi, muandike fundi wa matairi, maana siku unayomhitaji hutakumbuka kama ni Jean-Marie au Jean-Bosco.

Kuna siku mashine haina kosa lolote, kosa ni neno. Sisi watu wa Buja barua pepe tunaiita meli, tumeitoa kwenye Kifaransa, na hatuoni ubaya wowote. Sasa kumbukeni ofisi yetu ilikuwa ya mizigo ya bandarini. Akaja mteja mpya, mfanyabiashara wa chumvi aliyehamia kutoka Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Akapiga simu kuuliza kama meli imefika. Mwenzangu wa mapokezi akamjibu kwamba imefika tangu asubuhi, wameshaifungua na iko vizuri. Yule bwana akakodi lori, akachukua wapakuaji, wakasimama kwenye geti la bandari mpaka jua likageuka, na meli yenyewe bado iko Kigoma inapakiwa. Alipokuja ofisini aliuliza kwa sauti ya chini, mliifungua mkaona nini ndani. Mwenzangu akamjibu kwa adabu zote kwamba waliona ukurasa mmoja na muhuri. Tulicheka baada ya yeye kuondoka, si kabla. Tangu siku ile Mzee Salvator akaamuru kwenye simu tuseme barua pepe, neno zima, hata kama ulimi unakataa.

Na mkihamisha daftari kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, tulieni. Sisi tulihamisha majina ya ofisi nzima kwa mkupuo, tukaenda kula. Tuliporudi, namba za simu zimekaa mahali pa anwani, anwani zimekaa mahali pa jina la mtaa, na mtunza fedha wetu, Béatrice, ameota alama za ajabu katikati ya jina. Alituambia jina lake linasomeka kama mtu anayepiga chafya. Sababu zilikuwa mbili. Kompyuta iliyopangwa Kifaransa hutenganisha safu kwa nukta-mkato, na programu mpya ilikuwa inangojea mkato wa kawaida. Tena faili lilihifadhiwa kwa mpangilio mmoja wa herufi na likafunguliwa kwa mwingine, ndiyo maana herufi zenye vijiti juu ziliharibika. Programu inapowauliza mpangilio wa herufi, chagueni UTF-8 pande zote mbili, wakati wa kutoa na wakati wa kuingiza. Ingizeni kwanza kadi chache, mzitazame, ndipo mmwage zilizobaki. Na lile faili la mwanzo msilifute mpaka mwenye daftari amelitumia wiki nzima bila kununa.

Jambo jingine dogo linalofedhehesha mafundi wakubwa ni nafasi isiyoonekana. Mtu amenakili anwani kutoka kwenye simu, ikaja na nafasi tupu nyuma yake. Unaisoma, unaiona sawa, na barua inarudi. Weka kishale mwisho wa anwani. Kisipogusana na herufi ya mwisho, kuna nafasi imejificha. Ifute, na ukubali kuitwa mchawi.

Sasa niwaambie habari ya Mama Abdu, maana ndiyo iliyonifanya nianze kuandika haya yote.

Mama Abdu ana duka la vitambaa Rohero. Zamani duka lilikuwa la baba yake, Mzee Abdallah Saidi, mtu aliyeuza vitenge sokoni mpaka soko kuu lilipoungua, kisha akaanza upya barabarani na utepe uleule wa kupimia shingoni. Mama Abdu alipozaa mtoto wa kwanza, mzee akampa majina yake yote mawili. Kwa hiyo mtoto naye ni Abdallah Saidi, kwa kifupi Abdu. Na kama desturi yetu, mtoto mwenye jina la baba yako humwiti kwa jina kavukavu, unaona kama unamkosea mzee heshima. Mama Abdu alimwita mwanawe Papa. Mtu wa pwani atadhani ni samaki, kwetu papa ni baba. Mzee ni Papa, na kijana ni Papa. Nyumbani hapakuwa na utata wowote. Akiita, aliyesikia njaa ndiye aliyeitika.

Mzee alifariki. Kijana alikuwa ameshakwenda Muscat, kwa ndugu wa upande wa baba yake, akapata kazi. Huko akapata mchumba. Mama Abdu hakutaka. Binti hakuwa na kasoro, ila ndugu zake wote wako kule, na mama alijua kijana akioa huko hatarudi. Walizungumza kwenye simu, sauti zikapanda, wakaachana vibaya. Kijana akaona simu inamkosesha adabu, akaandika barua pepe. Alisema hataoa bila radhi ya mama yake. Akasema asipoipata kabla ya Idd, atawaambia watu wa binti waendelee na mambo yao, na yeye hatamsumbua mama tena kwa neno hilo.

Haya sikuyajua siku aliponiita. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, duka limejaa watu wa kununua vitambaa vya Idd, nimefunga, koo limekauka, na Mama Abdu ananivuta nyuma ya kaunta kwenye kompyuta.

"Mama Zena," akasema, "nataka unitolee mutu mu repertwari."

Nikauliza ni nani anayetaka nimfute kwenye daftari. Akasema Papa, ule wa Muscat. Mikono yake ilikuwa inakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

Fikirieni kidogo. Mtu huyu mtaani haitwi kwa jina alilopewa na wazazi wake, anaitwa Mama Abdu kwa sababu ya huyohuyo Abdu, na ananiambia nimfute. Nilitaka kumwambia aende akapumzike. Lakini kazi ni kazi, na Mzee Salvator alinifundisha kwamba anayeomba kufuta umuulize kwanza. Nikaweka mikono magotini. Nikamuuliza alimwandikia nini, na alijibiwa nini.

Akanieleza kwa vipande, huku akipimia watu vitambaa. Alikaa na barua ya mwanawe muda mrefu bila kujibu, kwa hasira. Mwezi wa Shabani moyo ukamlainika. Akaandika kwa mkono wake, kidole kimoja kimoja, kwamba amempa radhi, amuoe binti yule, Mungu awabariki. Jibu lilikuja palepale, kabla hajasimama kwenye kiti. Lilisema kijana amepokea, yuko safarini, atajibu akirudi. Mama Abdu akashika neno lile, akirudi. Akaelewa kwamba anarudi nyumbani. Akapaka rangi chumba chake, akanunua godoro jipya. Siku zikapita, hakuja mtu. Ramadhani ilipoingia akaandika tena, mara hii akiuliza anakuja lini. Jibu likaja palepale, maneno yaleyale, hakuna hata koma iliyohama.

Nikamwambia mbona hukumpigia simu. Hapo ndipo alipoacha kukunja.

"Mi nimupigie? Nimemupa radhi kwa mukono yangu, ananijibu kama mukubwa wa banki. Ata neno mama akuniita."

Akanifungulia lile jibu nilione mwenyewe. Lilikuwa hivi: Asalaam aleikum. Nimepokea barua yako. Niko safarini. Nitakujibu nikirudi, inshallah. Abdallah Saidi.

Vijana, nililisoma mara mbili. Maneno yale niliyajua. Niliyaandika mimi. Mzee Abdallah alipokwenda Hija alikuja kwangu akasema wafanyabiashara wa Dubai watamwandikia na hatakuwepo, na si vizuri mtu abaki bila kujua kama barua yake imefika. Nikamuwekea jibu linalojituma lenyewe, maneno akaniambia yeye. Aliporudi na kofia yake mpya nikataka kulizima. Akakataa. Akasema, "Acha. Iko na adabu kunishinda." Likaendelea kujibu watu miaka yote, na mzee akajibu yake kwa wakati wake, na wateja walimpenda. Alipofariki, familia haikufunga sanduku lake la barua pepe kwa sababu wafanyabiashara wa mbali wangeweza kuandika. Wakaacha tu kulifungua.

Sikumwambia Mama Abdu kitu bado. Nilifungua kwanza kadi ya Papa kwenye daftari, si jina lake tu, kadi nzima. Hili ndilo nataka mlibebe: kabla ya kufuta mtu, fungua kadi usome ndani. Chini ya jina moja nikakuta anwani mbili. Ya juu ilikuwa ya mzee, ile ya duka. Ya chini ilikuwa ya kijana. Na programu ukiichagulia kadi yenye anwani mbili bila kuiambia ipi, inachukua ya juu.

Nikamuuliza kama kuna siku kompyuta ilimuuliza jambo kuhusu majina yanayofanana. Akafikiri. Akasema ndiyo, pale alipoiunganisha na simu yake.

"Ilileta kaandiko kadogo, ikaniuliza ii Papa na ile Papa ingine ni mutu moja. Mi nikafinya wi." Akanitazama kama mimi ndiye mgeni. "Kwetu si ni mutu moja?"

Programu ilikuta kadi mbili zenye jina moja, ikauliza kama iziunganishe, ikajibiwa wi, yaani ndiyo, kwa ukweli wote wa nyumba ile. Mngekuwa mmelelewa kwa Mama Abdu nanyi mngebonyeza ndiyo.

Ndipo nikamwambia. Nilisema polepole, kwa sababu wateja walikuwa wamesimama na sikutaka aanguke. Nikamwambia barua zako zilikwenda kwa Mzee. Aliyekujibu si Papa wa Muscat. Ni Mzee, maneno yake ya Hija. Kijana hajapata herufi hata moja kutoka kwako tangu alipoomba.

Alikaa kwenye marobota ya vitenge. Kisha akauliza Idd ni lini, na yeye alikuwa anajua vizuri ni lini. Alikuwa anahesabu kama mwanawe ameshawapa watu wa binti jibu. Nikaona hasira yote imemtoka na mahali pake pameingia hofu, na hofu ile ikaniingia mimi pia.

Ufunguo wa sanduku la mzee ninao, kwa sababu mimi ndiye niliyetunza masanduku ya duka lile tangu enzi zake. Lakini sanduku la marehemu halifunguliwi kienyeji. Nikamwambia yeye ndiye mwanawe, asiponiambia fungua sifungui. Akasema fungua. Ndani kulikuwa na matangazo, salamu za watu wa mbali ambao hawakupata habari za msiba, na katikati yao barua mbili za Mama Abdu. Zilikuwa bado zina herufi nene, kama zinavyokuwa barua ambazo hakuna aliyezifungua. Akaigusa ile ya kwanza kwa kidole kwenye kioo, ikabaki alama ya chaki ya kupimia.

Nikamwambia tunakili maneno, tumwandikie kijana upya, sasa hivi, kwa anwani yake sahihi. Hiyo ndiyo njia safi. Akatikisa kichwa.

"Apana. Tuma ile ile, itoke pale ilikuwa imelala. Aone siku nilimuandikia."

Nilielewa. Hakutaka kijana adhani radhi imekuja sasa hivi kwa kuogopa Idd. Tarehe ingemsemea. Lakini ilinibidi nimweleze inavyofanya kazi. Nikamwambia barua ukiipeleka mbele kutoka kwenye sanduku hili, kule itafika na jina la mwenye sanduku. Kijana ataona imetoka kwa babu yake.

Mama Abdu aliifuta ile alama ya chaki kwenye kioo. Kisha akasema, "Basi na yeye amupe radhi."

Nikaweka anwani ya kijana mwenyewe, herufi kwa herufi, nikamsomea, akaisoma na yeye, nikatazama mwishoni kama hakuna nafasi iliyojificha. Hakutaka niongeze neno lolote juu ya barua yake. Akabonyeza mwenyewe kutuma.

Nilipaswa kuondoka. Sikuondoka, nikajifanya nasafisha kibodi. Watu waliendelea kununua, Mama Abdu akakata kitambaa kimoja vibaya akampa mteja bure. Baada ya adhuhuri simu yake ikalia juu ya kaunta, na namba ilikuwa ya Muscat. Akaipokea na kuiweka sauti ya nje bila kujua. Kisha kijana akasema, "Mama. Babu ameniandikia."

"Ndiyo, Papa," akasema Mama Abdu. "Shuka chini. Mi niko chini yake."

Tukamsikia anashuka ukurasa, anasoma kwa sauti, na kabla hajamaliza akaanza kulia kama mtoto, mtu mzima na ndevu zake. Mama Abdu naye akalia. Wateja wakageuka kutazama vitambaa vya ukuta wa pili. Mimi nililia pia, nikasema ni vumbi la kibodi. Kijana alikuwa hajawapa watu wa binti jibu lolote. Alikuwa amejipangia kulipeleka Ijumaa ile.

Alioa mwezi uliofuata. Baadaye walikuja wote wawili Bujumbura, wakalala kwenye chumba kile kilichopakwa rangi, na bibi harusi akanililia juu ya joto la huku kana kwamba Muscat kuna theluji.

Turudi kwenye kazi. Kadi iliyounganishwa mnaitenganisha hivi: mnatengeneza kadi mpya, mnahamishia anwani moja huko, mnaifuta kwenye kadi ya zamani, kisha mnakwenda kwenye ile kumbukumbu ya pili niliyowaambia, ya mapendekezo, na kusafisha huko pia. Msipofanya hivyo anwani mbaya itawarudia kesho. Halafu jina. Nilimwomba Mama Abdu kwamba mmoja wao tumwandike Abdallah, alikataa kabisa. Tukakubaliana Papa Muscat na Papa Duka. Na ule mpangilio wa kuunganisha majina yanayofanana nikauzima. Katika mji wetu huu, ukiuacha wazi, utawaoanisha Niyonzima wote wawe mtu mmoja.

Limebaki lile jibu la mzee. Kikazi lilitakiwa lizimwe siku ileile, na mimi mwenyewe ningemgombeza yeyote kati yenu ambaye angeliacha. Nilirudi dukani baada ya harusi nikiwa tayari kulizima. Mama Abdu alikuwa kwenye kompyuta, anaandika kwa kidole kimoja. Nikadhani anamwandikia mwanawe. Nikachungulia, na mahali pa anwani palikuwa na Papa Duka. Alikuwa anamweleza baba yake habari za harusi, mahari ilivyokwenda, nani alikuja, na kwamba binti ana adabu. Akatuma. Jibu likaja palepale. Alilisoma lote mpaka jina la chini, akafunga kompyuta, akaenda kupima kitambaa.

Sikulizima. Mkiitwa dukani kwa Mama Abdu mkakuta sanduku la marehemu bado linawajibu watu, msiliguse. Nimeandika hapa ili msije mkasema sikuwaambia.